Sumu ya panya sokoni iwe na mwenyewe

Kama komuni zetu (wilaya za mji) za Lubumbashi zingetaka kuanza na katazo moja tu, lingekuwa la vipakiti visivyo na lebo vinavyouzwa barabarani. Muuzaji anavisifu kwamba panya anafia palepale. Hapo ndipo kwenye kasoro: panya aliyeonja kidogo akaumwa papo hapo hakigusi tena chambo kile, na sumu inabaki chini ya meza ya unga. Mtoto akiiokota, daktari hana pa kuanzia. Sumu za jamii ya karbamati hutibiwa kwa atropini, zile zinazozuia damu isigande kwa vitamini K1, na fosfidi ya zinki haina kiuasumu chake. Jina lililoandikwa kwenye pakiti ni nusu ya matibabu.

Kwa soko kama la komuni yetu ya Kenya ningeruhusu vipande vya nta vyenye bromadioloni au brodifakumu, sumu za kuzuia damu isigande, asilimia 0.005, yaani miligramu 50 katika kilo moja ya chambo. Nta inavumilia mvua. Nafaka iliyochanganywa na sumu huota ukungu mapema, na panya anaiacha. Sumu hizi huua baada ya siku 3 hadi 8 hivi, kwa hiyo panya hashuku alichokula. Lakini ucheleweshaji huo una bei yake. Panya mkubwa anatoshwa na gramu mbili hivi za chambo cha brodifakumu, ila kwa kuwa hajisikii mgonjwa anarudi kula usiku baada ya usiku, na akifa amebeba sumu mara nyingi ya iliyohitajika. Paka, bundi na mwewe wanaomla ndio wanaolipa, maana brodifakumu hukaa kwenye ini kwa miezi. Mizoga iokotwe alfajiri kabla ya mbwa na kunguru, kwa glavu, ifukiwe nusu mita chini. Wanaoitupa mferejini wanaipeleka mto Lubumbashi, na kutoka hapo Kafubu.

Chambo kisiwekwe wazi hata siku moja. Kiwe ndani ya kisanduku kinachofungwa kwa ufunguo, chenye tundu la sentimita 6 hivi na ukuta wa ndani unaozuia mkono wa mtoto, kimefungwa kwa waya ili kisihamishwe. Kipande cha nta kichomekwe kwenye kijiti cha chuma, la sivyo panya atakibeba mpaka kwenye gunia la mtu. Visanduku vipangwe kando ya ukuta, mita 5 hadi 10 kati ya kimoja na kingine. Siku za kwanza huenda visiguswe, kwa sababu panya anaogopa kitu kipya. Watu wengi hapo huvihamisha kila asubuhi, na hofu ya panya inaanza upya. Viache.

Kibali cha kuweka chambo nacho kiwe karatasi moja: jina la sumu na asilimia yake, ramani ya visanduku vyenye namba, tarehe ya kuanza na ya kuondoa, na simu ya mhusika. Bango liwe kwa Kiswahili na Kifaransa, pamoja na mchoro. Australia, anayeweka chambo chenye sumu iitwayo 1080 kwa mbweha au mbwa mwitu hulazimika kuwaarifu majirani mapema na kusimamisha mabango. Sisi tunaweza kuwaarifu wenye vibanda. (Mkoa wa Ituri, kwenye tauni, kuna sharti jingine: viroboto huuliwa kwanza, maana panya akifa vinamhama na kutafuta mtu.)

Tarehe ya kuondoa ndiyo inayopuuzwa zaidi. Chambo kinachoachwa mwaka mzima huua panya dhaifu na kuwaachia nafasi wasiodhurika. Scotland ukinzani wa panya dhidi ya warfarini, sumu ya zamani ya kuzuia damu isigande, ulionekana tangu 1958. Na taka za chakula zikilala sokoni usiku, hakuna chambo kitakachoshindana nazo.

Kisha pima. Kilo mbili zikitoka stoo, ikarudi nusu kilo, na visanduku havina alama za meno wala mavi ya panya, kuna mtu amepeleka sumu nyumbani kwake, na atafutwe siku hiyohiyo.