Siku ya Tatu Kibosho, Nimeulizwa Kama Nimekuwa Yaya

Tumefika Kibosho, kwetu Moshi, Alhamisi, tukitoka Ujerumani tunakoishi. Jumamosi ndugu wakajaa uani kumwona mtoto, mtori uko jikoni, na mimi nimekaa kwenye kigoda nambadilisha nepi kijana wangu wa miezi minne. Baba mdogo akasema mbele ya watu wote: "Kumbe Ujerumani ulienda kusomea uyaya? Miezi miwili huendi kazini, unashika mavi ya mtoto, na mke yupo?" Watu wakacheka. Mimi iliniuma. Mzee simjibu mbele za watu, sikulelewa hivyo, basi naandika hapa.

Tuanze na hiyo miezi miwili. Ujerumani mzazi, awe mama au baba, ana haki ya kusimama kazi alee. Serikali inatoa posho wanayoiita Elterngeld, kwa kawaida asilimia 65 ya mshahara unaoingia mkononi, isizidi euro 1,800 kwa mwezi. Mama akiichukua yeye tu, baba haingii, ni miezi 12. Baba naye akiingia, inaongezeka miwili, inakuwa 14. Baba asipoichukua, imepotea. Kwetu sheria inampa baba siku 3. Siku 3, kitovu cha mtoto hakijadondoka!

Halafu kuna jambo ambalo baba mdogo halijui. Mpango wetu ulikuwa mama aje. Wachaga mnajua: mzazi anakaa ndani miezi mitatu, hagusi jembe wala sufuria, analishwa, na mtoto anaogeshwa na bibi yake. Mke wangu ni Mmeru wa Arusha, na kwao mzazi anatunzwa vilevile. Tukakusanya makaratasi yote, barua ya mwaliko, taarifa za benki, bima ya safari, mama akasafiri mpaka Dar. Wakamnyima viza. Eti hawana uhakika kama atarudi. Mama mwenye migomba yake, ng'ombe wawili na kaburi la mume wake nyuma ya nyumba! Mtoto akazaliwa, tuko wawili, ghorofa ya tatu, theluji nje, hakuna hata shangazi wa kusema "nipe nimshike ukaoge."

Siku ya pili tangu tutoke hospitali, kengele ikalia. Mama wa makamo, baiskeli kaifunga chini, koti limelowa. Mkunga. Siku kumi za kwanza alikuja kila siku, baadaye mara mojamoja mpaka wiki ya 12, bima ikalipa yote. Alimpima mtoto kwa mzani wa kuning'iniza, kama ule wa kliniki zetu, ila wake ni wa kitambaa. Uzito ulikuwa umepungua, nikashika simu niite daktari. Akaniketisha: karibu watoto wote hupungua siku za mwanzo, na wiki mbili hivi zikifika wamerudisha. Kweli alirudisha.

Siku moja akanikuta nimesimama upande wa mlango natikisa kichezeo, namwita mtoto, mtoto hageuki. Akanishika mkono akanivuta mpaka kitandani. Mtoto mchanga anaona vizuri kwenye sentimita 20 hadi 30 tu, kama shubiri hivi, umbali uleule wa kutoka ziwani mpaka usoni kwa mama. "Hataki kichezeo," akaniambia, "anataka uso wako." Sauti yangu, akasema, alianza kuisikia akiwa bado tumboni. Mimi nilidhani miezi ya mwanzo mtoto ni wa mama, baba unasubiri atembee ndipo mcheze mpira.

Wiki ya sita, saa tisa usiku, mama yake amelala kwa uchovu, nimempakata mapajani, kichwa chake magotini kwangu, inawaka taa ya jikoni tu. Nikamwambia, "Shimbonyi," salamu yetu ya Kichaga. Macho yakazunguka usoni mwangu, yakakaa kwenye nyusi, yakashuka mdomoni. Kona moja ya mdomo ikapanda, ya pili ikafuata, miguu ikapiga teke. Wiki za nyuma alikuwa anatabasamu usingizini, ile haina mwenyewe. Hii ilikuwa yangu. Nikarudia, naye akarudia. Baba mdogo, kama uyaya ndio huo, basi mimi ni yaya.

Tangu hapo tunaongea. Yeye anasema "aguu", mimi nanyamaza, nahesabu kimoyomoyo mpaka tano, kisha najibu. Hiyo kunyamaza ni muhimu. Ukimmwagia maneno mfululizo hapati nafasi. Ukingoja, anajaribu tena, na hapo ndipo ubongo unapofanya kazi. Na ongeeni naye lugha yenu. Kijerumani atakikuta shuleni, Kiswahili asipokisikia kwako atakisikia kwa nani?

Sio kwamba usiku zote zilikuwa hivyo. Kulia huwa kunapanda mpaka wiki ya sita hivi, kisha kunashuka taratibu kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Sisi tulikula saa mbili mfululizo za kilio, ameshiba, nepi kavu, homa hana. Asubuhi nikakuta karatasi mlangoni: jirani anatukumbusha saa za utulivu. Mtoto mchanga, ndugu zangu! Hapa Kibosho jirani angekuja na kikombe cha chai ambebe. Usiku mmoja nilijisikia mikono inataka kumtikisa. Nikamlaza chali kitandani kwake, nikafunga mlango, nikasimama barazani dakika tano. Mkunga alikuwa ameshatuonya wote wawili: mtoto hatikiswi kamwe, ubongo wake unaumia ndani bila hata alama nje. Bora alie dakika tano peke yake, salama.

Tulilipia pia kozi ya kumkanda mtoto. Euro 95, wiki nane. Pigeni hesabu kwa shilingi, kisha mkumbuke mnamlipa dada wa kazi kiasi gani. Mwalimu ana mwanasesere, sisi tuna mafuta na taulo: paja hadi kifundo, tumbo kwa kuzungusha, halafu mlaze kifudifudi akiwa macho ainue kichwa, shingo na mabega yakaze. Nikampigia mama video. Akaangalia, akasema, "Si ndivyo nilivyokukanda wewe, mkekani hapohapo?" Darasani kulikuwa na wazazi kumi na mmoja na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mama yake karibu. Wanalipia bibi. Muda wanao, watu hawana.

Ila huku kwetu nako nimeona jambo. Dada yangu anafanya kazi mjini, anaishi Kiboriloni. Likizo yake ya uzazi siku 84, wiki 12 kamili, akarudi kazini mtoto ndio kwanza ameanza kumjibu. Sheria inampa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha; daladala inazimaliza njiani. Mtoto anashinda na binti wa miaka 17 ambaye naye ana rundo la nguo za kufua. Watu tunao, muda ndio hatuna, na hilo halinifanyi nimcheke mtu.

Na mama yangu, nampenda, lakini tumegombana kidogo. Anataka kumpa mtoto maji, "koo linamkauka." Nimemwambia: miezi sita ya kwanza ni ziwa tu, maziwa yenyewe sehemu kubwa ni maji, na tumbo likijaa maji mtoto hanyonyi ipasavyo. Akaniuliza na wewe uliyekunywa maji mbona uko hai. Sikuwa na jibu zuri, nikashikilia tu. La pili ni kulala. Kifudifudi ni wakati wa kucheza, macho yakiwa kwake. Usingizi ni chali. Waingereza walipoanza kuwalaza watoto chali kwa kampeni ya mwaka 1991, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilishuka sana. Hili mama amelikubali. Mimi nami nimekubali mgongo wake: anamfunga kwa kanga, miguu imepanuka imemkumbatia, na mkunga aliwahi kuniambia mkao huo ni mzuri kwa nyonga. Kule walimpima nyonga kwa mashine akiwa na wiki tano. Hapa anashinda mgongoni, anaangalia kuku na migomba, na leo mchana ameshika kidole cha shangazi yake akakipeleka mdomoni, jambo ambalo wiki iliyopita hakuliweza.

Mnaotaka kuzalia Ujerumani: mkunga mtafute mimba ikiwa changa, wiki ya nane si mapema, maana wako wachache na wanajaa. Viza ya bibi, weka maombi mapema, na usikate tiketi kabla. Matone ya vitamini D watakupa, mpe kila siku, jua la kule si la Moshi.

Jana tulishuka zahanati kumpima. Nesi akakunja mkono wa fulana, akatazama bega, akauliza, "Huyu kovu la BCG liko wapi?" Ujerumani tangu 1998 hawaipendekezi tena hiyo chanjo ya kifua kikuu. Akaangalia kijitabu cha njano cha kule, akanirudishia, kisha akaniuliza maswali ambayo hakuna aliyenilipisha kuyajibu: unacheza naye vipi? Unaongea naye vipi? Unamfanyaje atabasamu? Aliniuliza mimi, wala hakumgeukia mama yake. Chanjo ni Jumatano saa mbili asubuhi, kwa sababu chupa moja ni ya watoto wengi, wanaifungua wakishakuwa pamoja.

Baba mdogo amepita jioni hii. Ametuma ujumbe kwa mama kwamba Jumatano gari lake lina nafasi, na kwamba mtoto akae mbele na baba yake. Mama ameshamjibu kwamba mtoto atakaa nyuma, kwenye kiti chake, na baba yake ubavuni.