Wanachama waliolala

Tangu mwaka 2021 nimekuwa msimamizi wa kundi la WhatsApp la watu waliosoma miaka ya 1990 katika shule moja ya bweni mkoani Iringa. Nilikabidhiwa kazi hiyo wakati kundi likiwa limejaa. Kikomo cha kundi moja kilikuwa watu 256, sisi tulikuwa 256 kamili, na wenzetu kumi na saba walikuwa wakisubiri mlangoni. Katika mkutano wetu wa mwisho wa mwaka ilikubaliwa, bila ubishi mwingi, kwamba yeyote ambaye hajaandika neno lolote kwa miezi sita aondolewe ili wanaosubiri wapate nafasi. Utekelezaji wa uamuzi huo nilipewa mimi, na kwa kuwa nilikuwa mgeni katika wadhifa na nilitaka kuonekana mchapakazi, niliumaliza wote jioni moja ya Jumamosi. Niliondoa namba 41.

Simu zilianza kabla sijalala. Ya kwanza ilitoka Muscat, kwa dada mmoja tuliyesoma naye ambaye anafanya kazi za ndani huko na hushika simu yake usiku tu, kazi zikiisha. Hakuwa ameandika chochote kwa muda mrefu, lakini alikuwa akisoma kila kitu, na michango yake ya misiba ilikuwa ikiletwa na kaka yake kwa mweka hazina, ndiyo maana jina lake halikuwa likionekana kwangu. Aliniuliza swali moja tu: “Kaka, nimewakosea nini?” Nilikuwa na azimio la mkutano mkononi, na halikunisaidia kumjibu.

Wengine hawakupiga simu kabisa, na hao ndio walionifikirisha zaidi, kwa sababu baadaye niligundua kwamba baadhi yao walinyamaza tangu waliposhindwa kutoa mchango wa harusi au wa matibabu ya mwenzetu fulani. Mtu anayedaiwa huona haya hata kuandika “pole” katika msiba, akihofia kwamba jina lake likionekana tu mweka hazina atalikumbuka. Mtu wa namna hiyo, akiondolewa mbele ya watu 200 na zaidi, kwa taarifa ambayo kila mmoja anaiona kwenye simu yake, hasomi kwamba tumepunguza idadi, bali anasoma kwamba amefukuzwa kwa ajili ya deni.

Kosa letu lilikuwa la kupima. Tulichukua kuandika kuwa ndiyo dalili pekee ya uhai, ilhali hata kwenye baraza la kahawa kuna mzee anayekuja kila jioni, anakunywa vikombe vyake viwili, anasikiliza, anaondoka bila kusema neno, na hakuna anayethubutu kusema kwamba si mtu wa baraza. Siku asipokuja ndipo watu huulizana. Kipimo sahihi cha mwanachama wa kundi la mtandaoni ni hicho hicho: je, anakuja?

Bahati nzuri jambo hilo linaweza kujulikana, ijapokuwa wasimamizi wengi hawalitumii. Ukituma ujumbe kwenye kundi kisha ukaugandamiza na kufungua taarifa zake, utaona orodha ya waliousoma na orodha ya waliofikiwa nao tu. Mtu anaweza kuzima alama za kusomwa katika mazungumzo ya watu wawili, lakini katika kundi alama hizo haziwezi kuzimwa. Kwa hiyo mimi sasa hutuma ujumbe mmoja wa kawaida, kwa mfano tarehe ya mkutano, nausubiri wiki tatu, kisha nafungua taarifa zake na kuwagawa watu katika mafungu matatu. Waliosoma ni wanachama hai, hata kama hawajaandika tangu kundi lilipoanzishwa. Waliofikiwa bila kusoma ni watu walioelemewa, pengine wamelinyamazisha kundi kwa sababu ya salamu zetu za asubuhi zenye picha za maua, na hao siwalaumu. Wanaobaki ni wale ambao ujumbe haukuwafikia kabisa, na hapo ndipo kazi ya msimamizi inapoanzia.

Kuna dalili nyingine ambayo wengi huiona bila kuielewa. Katika kundi, tiki ya pili hutokea pale tu ujumbe unapokuwa umemfikia kila mwanachama. Ikiwa kundi lako kubwa lina tiki moja tu kwa miaka, kosa haliko kwenye mtandao wako. Ndani yake kuna angalau namba moja iliyokufa. Kundi letu lilikuwa hivyo tangu nilipolikuta. Mtambo wenyewe haungoji milele: ujumbe usiopokelewa hufutwa baada ya siku 30, na akaunti isiyounganishwa na intaneti kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa, na namba hiyo hutoka katika makundi yake yote. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya usafi tuliokuwa tukiufanya kwa ukali ingejifanya yenyewe kama tungekuwa na subira ya miezi minne.

Hata hivyo subira peke yake haitoshi, na sababu yake katika kundi letu ina tarehe. Mwanzoni mwa mwaka 2020, baada ya serikali kuagiza kila laini ya simu nchini isajiliwe upya kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, laini ambazo hazikusajiliwa zilianza kuzimwa tarehe 20 Januari. Wenzetu kadhaa walikuwa bado hawajapata namba ya NIDA, wakapoteza laini zao. Lakini WhatsApp haihitaji laini ikiwa imekwisha kuwekwa kwenye simu. Inahitaji intaneti tu. Kwa hiyo walinunua laini nyingine kwa ajili ya bando na kuendelea kuzungumza nasi kwa namba za zamani, namba ambazo kwa mtandao wa simu zilikuwa zimekwisha kufa. Sisi tuliwaona wazima. Hakuna aliyefikiria kwamba kampuni ya simu haitupi namba, bali huipumzisha kwa muda kisha huiuza kwa mtu mwingine.

Mwaka 2022 mwenzetu mmoja wa aina hiyo alitoweka ghafla, na siku mbili baadaye namba yake ikaandika: “Samahani wakuu, hii namba nimeinunua wiki iliyopita, simjui mtu humu.” Alikuwa kijana muungwana, na ninamshukuru kwa ungwana wake. Lakini kwa siku mbili mgeni yule alikuwa ameketi nasi sebuleni, akisoma habari za ugonjwa wa mwenzetu mmoja, jina la hospitali, na namba za simu za waliokuwa wakimchangia. Kila Mtanzania mwenye simu anaujua ujumbe wa matapeli wa “ile hela tuma kwenye namba hii.” Kama namba ile ingenunuliwa na mtu wa kazi hiyo, angekuwa na jina letu, kundi letu, msiba wetu na orodha yetu ya michango, na asingehitaji hata kubahatisha.

Tangu siku hiyo nimewasha kwenye simu yangu taarifa za usalama, ambazo hunijulisha pale msimbo wa usalama wa mwanachama unapobadilika. Mara nyingi maana yake ni kwamba mtu amenunua simu mpya. Mara chache maana yake ni kwamba namba ina mwenye mpya. Nikiiona, hupiga simu ya sauti siku hiyo hiyo, na nikisikia sauti nisiyoijua naiondoa namba bila kungoja kikao. Hapo sioni haja ya upole, kwa kuwa ninayemwondoa si mwanachama.

Suala lililotusumbua zaidi, hata hivyo, halikuwa viti bali funguo. Kundi lilikuwa na wasimamizi tisa, waliopewa madaraka hayo mmoja mmoja kwa miaka, kila mara kwa sababu ya harusi au msiba fulani uliohitaji kamati, na hakuna aliyewahi kunyang'anywa. Wanne kati yao hawakuwa wakionekana kabisa. Namba ya mwanachama wa kawaida ikiangukia mikononi mwa mtu mwingine, madhara yake ni makubwa lakini yana mpaka. Namba ya msimamizi ikianguka, mgeni anaweza kutuondoa karibu sote na kuingiza watu wake. Sisi tulikuwa tumemwondoa dada wa Muscat kwa kutoandika, huku tukiwaacha na funguo za nyumba watu wanne ambao hatukujua hata wanaishi wapi.

Katika jambo hili nilipata msaada mahali ambapo sikutarajia, yaani katika utaratibu wa Wikipedia, ambayo toleo lake la Kiswahili lilianzishwa mwaka 2003 na limejengwa na watu wa kujitolea. Kule akaunti ya mtu aliyeacha kuandika haifutwi, hata ipite miaka mingi, kwa sababu historia ya kila makala lazima ionyeshe nani aliandika nini. Lakini mkabidhi, yaani msimamizi, wa toleo dogo la Wikipedia ambaye hajafanya hariri yoyote wala kazi yoyote ya ukabidhi kwa miaka miwili hupelekewa taarifa, jumuiya yake hujulishwa, na mwezi mmoja ukipita bila jibu, madaraka yake huondolewa. Jina lake linabaki, michango yake inabaki, na akirudi anaandika kama mtu mwingine yeyote. Niliupenda utaratibu huo kwa kuwa unatenganisha mambo mawili ambayo sisi tulikuwa tumeyachanganya: kuwa mmoja wetu, na kushika mamlaka kwa niaba yetu. La kwanza halichakai kwa kutotumika, ilhali la pili huchakaa.

Basi tulibadili azimio. Msimamizi asiyeonekana kwa miezi mitatu huvuliwa usimamizi baada ya kupigiwa simu, na habari hiyo haitangazwi kundini. Mwanachama haondolewi kwa ukimya. Tulipotaka kujua nani bado yupo, mtu mmoja alipendekeza tuite majina kama enzi za paredi ya asubuhi, kila mtu ajibu “nipo.” Nilikataa, kwa sababu wanaodaiwa wangenyamaza tena. Tuliwagawa watu kwa mabweni yao ya zamani, na katika kila bweni mtu mmoja akachukua majina ambayo ujumbe haukuwa ukiwafikia na kuwatafuta kwa simu, kwa ndugu, hata kwa majirani. Kazi hiyo ilichukua karibu miezi miwili na iligharimu vocha zaidi ya tulivyotarajia. Ilileta pia habari za vifo viwili ambavyo hatukuwa tumevisikia. Kuhusu nafasi, tatizo hilo lilikwisha lenyewe mwishoni mwa mwaka 2022, kikomo kilipopandishwa hadi watu 1,024, na ninakiri kwamba nilijisikia mjinga kidogo nikizikumbuka zile namba 41.

Fundisho la funguo lilijirudia mwaka 2023. Google ilitangaza mwezi Mei mwaka huo kwamba akaunti binafsi ambazo hazijatumiwa kwa miaka miwili zitaanza kufutwa kuanzia Desemba. Picha zetu zote za zamani, pamoja na daftari la wanachama, zilikuwa katika akaunti ya katibu wetu wa kwanza, ambaye alihamia Afrika Kusini na kunyamaza. Tulimpata kupitia dada yake. Neno la siri alikuwa amelisahau, na namba ya kumsaidia kulirejesha ilikuwa mojawapo ya zile laini zilizozimwa mwaka 2020. Kilichotuokoa ni kompyuta yake ya zamani iliyokuwa kabatini, ambayo ilikuwa bado imefunguliwa kwa akaunti hiyo. Sasa picha zina wenye funguo watatu katika miji mitatu tofauti.

Wamebaki marehemu. Kwao sina kanuni, na sidhani inafaa kuwapo. Twitter ilipotangaza Novemba 2019 kwamba itafuta akaunti zilizolala zaidi ya miezi sita, ilibidi isitishe mpango huo kwa malalamiko ya watu waliokuwa wakirudi kusoma maneno ya wapendwa wao waliokufa. Sisi huuliza familia. Familia moja iliomba namba iondolewe kabla ya arobaini, tukaiondoa. Nyingine haikusema kitu, na siku 120 zilipotimia kundi lilitoa taarifa kwamba mwenzetu ameondoka. Watu wawili wakaniandikia kwa hasira wakidhani nimemwondoa mimi.

Wa tatu alifariki mwaka jana. Nilipompigia mjane wake, nilimsalimia, nikazungukazunguka, mwishowe nikamwuliza kama wangependa tuitoe namba. Akanijibu, “Hapana shemeji, mniachie kwanza. Jumapili nikishatoka kanisani huwa naiwasha, nawasoma.” Kwa hiyo ujumbe ninaoutuma katikati ya wiki hukaa na tiki moja hadi Jumapili mchana.