Mshauri wa usiku

Kabla mama hajaruhusiwa kurudi nyumbani baada ya kiharusi, nilifundishwa mengi: kumgeuza kila baada ya saa 2 asipate vidonda, kumkalisha wima ndipo nimlishe asije akapaliwa, nisimvute kwa mkono uliopooza bega lisiteguke. Kunihusu mimi hakuna aliyesema neno, wala sikutegemea. Mgonjwa si mimi.

Mwezi wa tano nikamfokea kwa sababu ya kikombe. Kiharusi kilimpata upande wa kushoto wa ubongo, kwa hiyo mkono wa kulia umelegea na maneno yamempotea, lakini karibu kila unachomwambia anakielewa. Alilia. Kisha akacheka, kile kicheko cha ugonjwa kisicho na furaha ndani yake. Nikaenda kujifungia bafuni.

Mtaalamu wake wa mazoezi ndiye aliyenielekeza kwenye ushauri nasaha wa simuni. Kikao cha kwanza tulionana kwa video, nikakiharibu. Ningesemaje kwamba nimechoka, na mama yuko chumba cha pili na masikio yake mazima? Kila swali nilijibu "tunaendelea vizuri, tunashukuru." Mwishowe mshauri akasema, "Dada, unaonaje tuwe tunaandikiana?"

Basi nikawa naandika mama akishalala. Usiku mmoja niliandika, "Kuna siku natamani haya yote yaishe." Kwa mdomo nisingeweza. Hakushtuka, ila aliniuliza waziwazi kama nafikiria kujidhuru au kumdhuru mama. Sivyo, nikamjibu, na nilishangaa jinsi swali lile lilivyonipunguzia mzigo.

Kulikuwa pia na dodoso la maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kukata tamaa. Alama za juu kabisa ni 27. Mara ya kwanza nilidanganya nikapata 6. Nilipojibu ukweli, 16. Akanisihi nimwone na daktari, nikaenda. Alinipa pia sauti za kuongoza mazoezi ya kuvuta pumzi, ila sikuzisikiliza zaidi ya mara mbili. Kikumbusho cha mazoezi hayo kwenye simu kililia wakati mikono yangu imejaa sabuni, nikakizima.

Kilichonifaa hasa ni zoezi la tatizo moja kwa wiki. Niliandika, "Ndugu zangu hawanisaidii." Akalikataa: nani, siku gani, saa ngapi, afanye nini? Nikatafakari nikaona aibu. Kila mara kaka aliponiuliza anisaidie nini, mimi humjibu "usijali." Safari hii nikamtumia ujumbe: Jumamosi, saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri, ukae na mama. Alikuja. Nililala muda wote huo.

Sasa huja kila Jumamosi. Nimemwambia mara ngapi sijui kwamba gauni huanzia mkono uliopooza, bado huanza na ule mzima, na mama humchapa kofi la kushoto mpaka arekebishe.