Watemi wa Oświęcim, na wale akina Jan wanaochanganya watu

Ukitaja Oświęcim, mwenye kujua historia anawaza Auschwitz, jina lake la Kijerumani na la kambi ya mauaji ya Wanazi. Ni haki yake. Lakini mji huo wa Polandi ulikuwa na watemi wake miaka mia sita kabla ya kambi. Na kwetu huku Wapolandi si wa vitabuni tu: miaka ya 1940 Ifunda na Kidugala, Tanzania ya leo, palikuwa na kambi za wakimbizi wao, na makaburi yao yapo mpaka leo.

Shida ya utemi huu ni kwamba ukianza na orodha ya majina, utapotea. Anza na ardhi. Chora safu moja kwa kila ngome: Cieszyn, Oświęcim, Zator, Toszek. Mtemi akigawa nchi, pasua safu. Ukoo ukikosa mrithi, unganisha. Pembeni andika bosi wa juu ni nani, Kraków (mfalme wa Polandi) au Praha (mfalme wa Bohemia, Ucheki ya leo), maana naye anabadilika.

Chanzo ni 1138. Bolesław Krzywousty alikufa akiwa ameigawa Polandi kwa wanawe, na wajukuu wakaendelea kukata vipande vile vile, kama shamba la urithi linavyokatwa hadi halitoshi hata jogoo kuwika. Oświęcim, ng'ambo kidogo ya magharibi ya Kraków, pale mto Soła unapokaribia kuingia Wisła, ilikuwa upande wa Kraków. Karibu mwaka 1179 Kazimierz Sprawiedliwy, mtawala wa Kraków, akampa Mieszko Plątonogi, mtemi wa Racibórz, na tangu hapo ikahesabiwa Silesia, jimbo la magharibi yake. Kanisa halikuhama: parokia zilibaki chini ya askofu wa Kraków. Ukikuta hati ya kanisa inasema Kraków na ya mtemi inasema Silesia, hakuna aliyekosea.

Mieszko wa Cieszyn alipofariki, karibu 1315, wanawe wawili waligawana: Kazimierz akabaki na Cieszyn, Władysław akachukua Oświęcim. Hapo ndipo utemi unapoanza kusimama peke yake. Mwana wa Władysław, Jan wa Kwanza, aliitwa Scholastyk, yaani msimamizi wa shule ya kanisa, kwa sababu ya cheo chake katika kanisa kuu la Kraków. Mwaka 1327 alikula kiapo cha utii kwa mfalme wa Bohemia, kama walivyofanya watemi wenzake wengi wa Silesia. Alifariki 1372. Akamfuata mwanawe Jan wa Pili, aliyekufa 1376, kisha mjukuu, Jan wa Tatu, aliyekufa 1405 bila mtoto.

Sasa mtego. Jan wa Nne si mtoto wala mjukuu wa hao watatu. Ukoo wao ulikwisha 1405 na nchi ikarudi Cieszyn. Yeye anatoka huko. Babu yake, Przemysław, aliuawa 1406, siku za mwanzo kabisa za mwaka. Namba zinafuata kiti, hazifuati damu. Wengi wanaochora mti wa ukoo wanamwunganisha kwa Jan wa Tatu, na mti wote unapinda kuanzia hapo.

Mwaka 1445 Jan wa Nne na kaka zake waligawana tena: Wacław alipata Zator, Przemysław Toszek, naye Oświęcim. Vipande vilikuwa vidogo mno kumtunza mtawala mwenye ngome na askari, na Kraków ilikuwa jirani yenye fedha. Mwaka 1454 Jan alimwapia utii mfalme wa Polandi, Kazimierz Jagiellończyk. 1457 akamwuzia nchi nzima.

Zator haikujifunza. Wana wanne wa Wacław walitawala pamoja, kisha 1474 wakaikata kwa mto Skawa, wawili huku, wawili kule! Aliyebaki mwisho, Jan wa Tano, aliiuza 1494 kwa floreni 80,000, akaruhusiwa kuikalia maisha yake yote. Aliuawa 1513.

Usiandike kwamba 1457 ndipo utemi ulipofutwa. Ulinunuliwa tu, kuingizwa rasmi katika Polandi pamoja na Zator kulifanyika 1564. Austria ilipoinyakua sehemu hiyo mwaka 1772 ililifufua jina, na kaizari wa Vienna akaendelea kujiita mtemi wa Auschwitz na Zator hadi kiti chake kilipoanguka 1918.