Unajitahidi

Jumanne asubuhi, mapokezi hotelini. Mzee mmoja Mwingereza wa chumba cha juu akaniletea bili, akasema neno. Nikasikia "collect". Nikaipokea, nikaibana kwenye faili, nikatabasamu. Mzee hatoki. Akaweka kidole kwenye mstari wa maji: chupa mbili, na yeye alikunywa moja. "Correct," akasema taratibu. Kumbe alitaka niisahihishe!

Ningenyamaza yangeisha. Mdomo ukawahi: "No ploblem!" Ukishaiogopa herufi moja, unaipachika nyingine hata pasipotakiwa. Naye akanijibu, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu: "Hamna shida, dada. Unajitahidi."

Unajitahidi. "Anajitahidi" ndiyo mwalimu aliyoiandika kwenye ripoti yangu mwaka niliokuwa wa 61 kati ya 64. Tangu Jumanne nalisikia neno hilo nikipiga pasi, nalisikia kwenye daladala, na hata Jumamosi kule Tarime, ng'ombe wa mahari ya kitinda mimba wetu walipopokelewa ukweni, mimi nilikuwa nalitafuna hilohilo. Kikurya chetu hakina l. Tulikua tukisema "mwarimu" na mwalimu aliitika.

Jana nikamsimulia binti yangu, ndiye mkaguzi wangu. Akanipa mgongo nisimwone mdomo, akasoma maneno kumi: rice, lice, light, right, grass, glass... Nikapata matano.

"Mama, hata ungerusha shilingi ungepata matano."

Akaniburuta hadi kwenye kioo. Kwenye l, ncha ya ulimi inagusa ufizi nyuma ya meno ya juu na kutulia hapo. Kwenye r yao haigusi popote, ulimi unaning'inia tu. Yetu inagonga, tena jirani kabisa na ilipo l. Miaka yote shuleni niliambiwa "rudia, rudia", hakuna aliyeniambia ulimi niuweke wapi!

Raundi ya pili, manane. Saa nne usiku nilikuwa jikoni naruka na mwiko mkononi, "correct! collect!", mpaka jirani akagonga ukuta. Na mzee bado yupo, ameongeza siku mbili. Kesho zamu ya asubuhi ni yangu, alete bili yoyote anayotaka.