Baada ya ajali: mimi na udongo, penseli hapana

Kila aliyesikia kwamba ndoto za ajali hazinipi usingizi alikuwa na ushauri uleule: chora ulichokiona. Ushauri mbovu. Kuichora ajali ukiwa peke yako, bila mshauri nasaha kando, kwangu ni kuipanda tena gari ileile. Nilishika udongo wa mfinyanzi, na sifinyangi gari wala barabara. Nafinyanga bakuli tu.

Udongo wenyewe utaupata kwa wafinyanzi kwa hela ya soda. Viringisha kijikamba chenye unene wa penseli, kizungushe kidoleni. Kikipasuka, mchanga umezidi au maji hayatoshi. Kwenye sehemu nne za udongo natia moja ya vigae vilivyopondwa na kuchekechwa, usisinyae sana ukikauka. Kukanda ndiyo dawa yenyewe: kandamiza kwa viganja vyote viwili, geuza kidogo, kandamiza tena. Ubaridi na uzito wake huirudisha akili mikononi. Moyo ukianza kwenda mbio, liache bakuli, rudi kukanda.

Sasa ujanja wangu: sichomi. Chombo chenye unyevu kikiingia motoni, maji hugeuka mvuke, mvuke ukakosa pa kutokea, ukuta ukapasuka kwa kishindo. Mtu anayeruka hata mlango ukibamizwa, kishindo hicho cha nini? Naliacha bakuli likauke kivulini mpaka nikilibandika shavuni sisikii ubaridi. Kisha nalitumbukiza zimazima kwenye ndoo ya maji. Hutoa viputo mfululizo, kingo zinamomonyoka, ubavu unaporomoka, mara limekuwa tope. Raha yake wacha kabisa! Ila lazima liwe kavu kwelikweli. Likiwa bichi, vitundu vyake tayari vimejaa maji, hayaingii mengine ya kulisambaratisha. Litakaa ndooni kutwa linakutazama.

Mwaga maji ya juu, tandaza tope kwenye matofali makavu ya kuchoma. Yatanyonya maji, likiacha kunata kidoleni, kanda upya. Udongo uleule, bakuli jipya, wala huhitaji rafu ya kupangia.

Vumbi la udongo lina silika, yaani madini yaleyale ya mchanga, si zuri kwa mapafu, kwa hiyo usipige msasa wala kufagia. Pangusa kwa kitambaa kibichi. Na mikono nawia ndooni. Tope likiziba bomba la sinki, fundi atakutoza hela ya udongo wa mwaka mzima.