Spika zinavuma? Usikimbilie kulaumu umeme, anza na waya wa dishi

Nimeshaona sebule nyingi za namna hii, sabufa ya maana, amplifaya ya maana, halafu wimbo ukiisha unasikia mmmmmm ya chini chini kama friji la zamani lipo nyuma ya kochi. Ukiuliza, jibu ni lile lile, ah, umeme wetu mchafu bwana. Na pembeni kuna kiboksi cha kusafisha umeme alichouziwa kwa hela ndefu na mvumo haujapungua hata chembe.

Umeme mchafu upo, sibishi. Ila kwa muziki wa nyumbani mara nyingi mvumo hauingilii kwenye waya wa umeme wa amplifaya, unaingilia kwenye waya za sauti, zile RCA nyekundu na nyeupe. Ndo maana kile kiboksi hakisaidii, kimelinda mlango ambao mwizi hapiti.

Iko hivi. Amplifaya yako kama ina plagi ya pini tatu imeshikana na erthi ya nyumba, yaani ule waya wa usalama unaoshuka ardhini. King'amuzi nacho kimeshikana na waya wa dishi, na dishi limefungwa kwenye bomba la chuma huko juu, sometimes lina erthi yake kabisa. Halafu wewe unaviunganisha kwa RCA. Hapo umeshatengeneza duara, na kwa kuwa hizo erthi mbili hazilingani kuna kitofauti kidogo cha volti, kinasukuma kamkondo kupitia lile ganda la nje la RCA. Sasa ganda hilo hilo ndo njia ya kurudishia sauti, kwa hiyo amplifaya inapokea muziki na mvumo kwa pamoja na inakuza vyote.

Kujua kama ni hicho ni dakika chache tu na hulipi fundi. Shusha volyumu mpaka sifuri kwanza. Mvumo ukipungua pamoja na volyumu, basi unatoka kwenye kitu kilichochomekwa nyuma ya amplifaya, ukibaki vile vile angalia amplifaya yenyewe. Halafu zima, chomoa RCA moja moja mpaka umpate mhusika. Kama ni king'amuzi zima vyote, fungua waya wa dishi, washa tena sikiliza. Kama ni laptopu ndo rahisi zaidi, chomoa chaja itumie betri, kimya kikirudi ushamjua adui.

Na tafadhali sana, USIKATE PINI YA ERTHI. Najua mafundi wanafanya, najua mvumo unaisha kweli. Lakini ile pini ipo ili siku waya wa moto ukigusa bodi la chuma fyuzi ikatike, bila hiyo bodi linakaa na 230V linasubiri mtoto aje kuongeza sauti. Hakuna muziki wa hivyo.

Dawa ya bure kabisa ni kuchomeka TV, king'amuzi na amplifaya kwenye ekstensheni moja kutoka soketi moja, vyote vishee erthi moja kwa njia fupi. Pasi na birika visiwepo hapo. Waya za sauti zisilale sambamba na waya za umeme, na kama lazima zikutane basi zikatane kama alama ya jumlisha. Ikigoma, tumia waya wa optiko, ule wenye kamwanga kekundu mwishoni, kama TV yako ina tundu lake. Unapitisha mwanga badala ya shaba kwa hiyo duara limekufa. Amplifaya ya zamani itahitaji kale kaboksi ka kubadilisha dijitali kuwa RCA. Kuna pia aisoleta za RCA, vifaa vya kutenganisha erthi vyenye vitransfoma viwili vidogo ndani, zinafanya kazi, ila za bei chee zinakula besi, na mtu wa sabufa ataona amepunjwa.

Msije mkaweka aisoleta ya antena ya kawaida kwenye waya wa dishi! King'amuzi kinapeleka volti 13 au 18 juu kule kwenye LNB, kile kichwa kinachopokea mawimbi mbele ya dishi, kupitia waya huo huo, aisoleta ya transfoma inazikata, mvumo unaisha na chaneli zote zinaisha nazo.

Sasa kama sauti si mmmm bali ni zzzzz kali yenye mikwaruzo, hapo ndo nakubali tuzungumzie umeme wenyewe. Zungusha swichi ya dima ya taa usikie kama zzzz inabadilika. Chomoa chaja za simu za mtaani moja moja, zima zile balbu za LED za bei ya kutupa.

Na kama spika zimetulia ila bodi la amplifaya lenyewe linanguruma ukiliwekea sikio, hiyo ni transfoma inatetemeka. Kwa nyumba zenye inveta mimi huanza kuuliza hapo, maana inveta za bei nafuu hazitoi wimbi laini la umeme, zinatoa la ngazi ngazi, na transfoma hailipendi. Umeme wa kawaida ukirudi na ngurumo ikakata, amplifaya yako ni nzima, tatizo ni inveta, tafuta ya pyua sain, yaani inayotoa lile wimbi laini.